Kuhamia Unguja bila kupunguza mshahara: mwongozo kwa watu wa TEHAMA

Swali huja hivi: "Nataka kuhamia Zanzibar, nitapata kazi ya kompyuta yenye mshahara wa maana?" Anayeuliza mara nyingi yuko Dar, Arusha au Mwanza, pengine ni Mzanzibari aliyeondoka kwenda kusoma na sasa mama anamwita nyumbani. Jibu langu ni kwamba kazi ya kompyuta ipo, lakini usiihamie. Ihamishe.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Unguja na Pemba kwa pamoja. Waajiri wa humo wenye uwezo wa kumlipa mtengeneza programu kama anavyolipwa na benki ya Dar wanahesabika. Ukishuka bandarini Malindi na begi na wasifu wako, ukaanza kupita afisi kwa afisi, utapewa kazi ya kurekebisha printa na kuweka upya Windows. Fedha nzuri kisiwani zina milango miwili mikubwa: ile unayokuja nayo kutoka nje, na ile inayoletwa na watalii. Serikali, miradi na kampuni changa ni nyongeza, na nitazieleza kwa kadiri yake.

Hatua ya kwanza: usiache kazi uliyonayo

Watu huandika barua ya kuacha kazi, kisha wakishafika ndipo wanapoanza kutafuta. Geuza. Boti ya kasi kutoka Dar ni kama saa mbili, ndege ni dakika ishirini hivi. Kuna wafanyakazi wa Dar wanaokaa njiani muda huo huo kila asubuhi kutoka Chanika. Kwa hiyo ombi lako kwa mwajiri si la ajabu, mradi uliombe vizuri.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi, kwa mfano:

"Habari za kazi, Mama. Kuanzia Julai familia yangu inahamia Unguja, nami ningependa kuendelea na kazi yangu hii hii. Naomba tujaribu miezi mitatu. Wiki ya kwanza ya kila mwezi nitakuwepo afisini Jumatatu na Jumanne, nauli juu yangu. Zamu za dharura zitabaki kama zilivyo. Nyumba ninayoichukua ina intaneti ya kampuni mbili tofauti na umeme wa akiba. Miezi mitatu ikiisha tutaangalia kazi iliyotoka, kisha utaamua."

Tazama kisichotajwa humo. Bahari haimo, mshahara haumo. Ukianza wewe kusema "maisha ya huku ni nafuu", umeshajikata. Bosi akigusia kupunguza, mjibu kwa adabu kwamba kazi ni ile ile, zamu ni zile zile, na nauli unabeba wewe. Kama hana budi kupunguza, basi punguzeni na siku za kazi: nne badala ya tano. Siku ya tano utaiuza kwingine, na hatua ya tatu itakuonyesha wapi.

Kampuni za nje zina misimamo miwili juu ya jambo hili, na inafaa uijue kabla hujaomba. GitLab, kwa mfano, imekuwa ikieleza wazi kwamba eneo unaloishi linaingia kwenye hesabu ya mshahara. 37signals, wenye Basecamp, hulipa kwa kipimo cha San Francisco popote ulipo. Kwa kampuni ya aina ya kwanza, uliza eneo lako limewekwa kundi gani kabla ya usaili wa mwisho, maana Unguja ikiwekwa kundi moja na Dar hupotezi kitu kwa kuhama.

Jambo moja la kisheria. Kazi na ajira si mambo ya Muungano. Mkataba wenye kituo cha kazi Zanzibar unaongozwa na Sheria ya Ajira namba 11 ya 2005 ya Zanzibar, na hifadhi ya jamii huko ni ZSSF, si NSSF. Mwajiri wa Dar asiye na afisi Unguja mara nyingi atapenda kituo chako kibaki Dar. Muulize mtu wa rasilimali watu aandike wazi, usikubali ya mdomo.

Hatua ya pili: kazi za nje, na saa zake

Kama mwajiri wako amekataa, tafuta wa mbali kabla ya kuhama, ukiwa bado na mshahara. Hapa swali kubwa ni saa, kuliko hata ujuzi.

Anayeanza kazi London saa tatu asubuhi, kwetu ni saa tano wakati wa kiangazi chao na saa sita mchana wakati wa baridi yao. Berlin ni saa nne au saa tano. Hizo ni saa nzuri mno: asubuhi yako ni ya kazi tulivu bila simu, mchana ni ya vikao, na Magharibi unakuwa umebakiza kidogo tu. New York ni jambo jingine. Siku yao inaanza kwetu saa kumi alasiri au saa kumi na moja jioni, na inaisha saa sita au saa saba usiku. Kijana asiye na mtoto ataweza mwaka mmoja. Mwenye familia Unguja, ambako mialiko ya arusi, hitima na futari haiishi, ataonekana mtu wa ajabu mtaani.

Watu wa visiwani wana mlango ambao wa bara wengi hawaufikirii: Ghuba. Riyadh na Doha wanatumia saa ile ile yetu. Maskati na Dubai wametangulia saa moja tu. Saudia na Oman wanaanza wiki Jumapili na kupumzika Ijumaa na Jumamosi, Imarati wamehamia Jumatatu hadi Ijumaa tangu Januari 2022 na Ijumaa yao ni nusu siku. Ramadhani kalenda zenu zinapungua pamoja, hakuna haja ya kumweleza mtu kwa nini kikao cha saa kumi na mbili jioni hakiwezekani. Na ni familia ngapi za Unguja na Pemba zisizo na mjomba au shangazi Maskati? Huyo hatakupa kazi, lakini anaweza kukupa jina la mtu wa kumwandikia. Kama Kiarabu chako ni cha chuoni, cha kusoma tu, bado kina bei: programu nyingi huvunjika zinapogeuzwa kusomwa kulia kwenda kushoto, na mpimaji anayeiona kasoro hiyo kwa jicho la haraka hapatikani kila mahali.

Kabla hujaanza kazi yoyote ya nje, maliza suala la malipo. Wengi hutumia Payoneer au uhamisho wa moja kwa moja kwenda akaunti ya dola katika benki ya hapa; PBZ, NMB na CRDB zote zina matawi mjini. PayPal usiiahidi kwa mteja mpaka umejaribu kupokea, kwa sababu kulipa nayo na kupokea kwayo ni vitu viwili. Omba mteja mpya akutumie kiasi kidogo cha majaribio wiki ya kwanza. Njia ikifanya kazi kwa dola ishirini, itafanya kwa elfu mbili.

Hatua ya tatu: fedha ya kisiwa iko hotelini

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea zaidi ya watalii 700,000. Kila mmoja alilala mahali, na kila kitanda kiliuzwa kwa kompyuta. Hii ndiyo sehemu ya mwongozo ambayo ningekuomba uisome mara mbili.

Achana kwanza na hoteli kubwa za makampuni ya kimataifa. Mifumo yao inachaguliwa makao makuu, na fundi wao hapa ni mtu wa kupokea amri. Ukiona nafasi ya kazi kwao omba, ina bima na chakula cha mchana, lakini bei yake imeshapangwa. Fedha ya mtu huru iko kwenye hoteli za vyumba kumi hadi arobaini za Paje, Jambiani, Matemwe, Michamvi na Nungwi.

Nilikaa mapokezi ya mojawapo usiku mmoja nikisubiri gari. Mpokea wageni alikuwa anahamisha majina kutoka kwenye simu kwenda kwenye daftari kubwa la mistari, kwa kalamu mbili, nyekundu na buluu. Nikamwuliza, "Dada, chumba cha saba mbona kina majina mawili?" Akacheka. "Mmoja katoka mtandaoni, mmoja kaletwa na wakala. Atakayefika mwanzo ndiye mwenyewe."

Tatizo ndilo hilo. Chumba kimoja kinauzwa Booking.com, Expedia, kwa wakala wa Ulaya kwa barua pepe, na kwa anayepita njiani na begi mgongoni, na hakuna anayewaunganisha. Dawa yake ipo tayari: mfumo wa kuendeshea hoteli uliounganishwa na kiunganishi cha mitandao ya kuuzia vyumba, chumba kikiuzwa huku kinafungwa kule. Usiutengeneze wewe. Mifumo mizuri ya kukodi kwa mwezi ipo mingi. Unacholipwa ni kuuchagua, kuufunga, kuhamisha daftari lote humo, kuwafundisha watu wa mapokezi kwa Kiswahili, na kupokea simu saa nne usiku mambo yakikwama.

Mazungumzo na mwenye hoteli yaanzie kwenye kamisheni. Mitandao ya kuuzia vyumba huchukua kama asilimia 15 ya bei. Chumba cha dola 100 kinamwachia 85. Ukimtengenezea ukurasa wake mwenyewe wa kupokea wageni moja kwa moja, na ukamletea malazi ishirini tu kwa mwezi, umemwokolea dola 300 kila mwezi. Ada yako ya matunzo yenye thamani ya dola 120 kwa mwezi haionekani tena kubwa. Hoteli nane za namna hiyo ni mshahara, na hakuna hata moja inayoweza kukufukuza ukabaki bila kitu.

Kuna kazi nyingine ndani ya ukuta huo huo. Moja ni stakabadhi za kielektroniki: Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, inazitaka, na hoteli zinataka mfumo wao wa mauzo uzitoe wenyewe badala ya mtu kuchapa mara mbili. Anayeijua kazi hiyo ya kuunganisha anatafutwa. Nyingine ni waifai. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe ya matumbawe, na ruta moja iliyowekwa mapokezi haifiki ghorofa ya kwanza, sembuse ya juu kabisa. Mgeni wa siku hizi akikosa waifai chumbani huandika malalamiko kabla hajanywa chai. Huku fukweni tatizo ni jingine, bustani ndefu na chumvi. Upepo wa bahari unakula viunganishi vya nje kwa miezi, kwa hiyo weka vifaa vilivyofungwa vizuri na uandike kwenye mkataba nani ananunua vingine.

Sasa wakati. Msimu mkubwa ni Juni hadi Oktoba, tena Disemba hadi Februari. Ukienda kumwona meneja Agosti atakusikiliza akiwa amesimama. Masika, kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei, hoteli nyingi hufunga au hubaki na wageni wachache, wenyewe wanakarabati mapaa ya makuti na kupaka chokaa. Hapo ndipo mfumo hubadilishwa. Fika Februari mwishoni, panga ziara zako Machi, funga mikataba Aprili, fundisha watu Mei. Aliyehamia Juni bila mteja atasubiri karibu mwaka mzima.

Na uliza mapema, kwa upole, nani anatia saini. Meneja aliyekukaribisha juisi ya ukwaju anaweza kuwa hana mamlaka ya kununua hata kibodi. Mwenye mali yuko Milano au Johannesburg. Pwani ya Kiwengwa imezoea Wataliani miaka mingi, na wapo vijana wa ufukweni wanaowasemesha kwa Kitaliano safi. Pendekezo la ukurasa mmoja lililoandikwa kwa lugha ya mwenye hoteli linafika mbali kuliko kurasa kumi za Kiingereza. Nusu ya malipo ichukue kabla ya kuanza. Hili halina mjadala, hata kama mmeswali safu moja.

Hatua ya nne: piga hesabu ya siku yako

Watu wa kompyuta wa visiwani wanajiuza rahisi kwa sababu wanataja bei kichwani. Chukua karatasi. Tuseme unataka kubakiwa na shilingi 3,000,000 kwa mwezi. Intaneti mbili, umeme, boti, gari za shamba na akiba ya laptopu mpya: weka 600,000. Kodi, matibabu na miezi mikavu: weka 1,200,000. Jumla 4,800,000. Siku unazoweza kuandikia ankara, ukitoa za kutafuta wateja na za kufuatilia makaratasi, si ishirini na mbili, ni kama kumi na mbili. Kwa hiyo siku yako ni 400,000. Mtu akikwambia "kijana wa mtaani anafanya kwa elfu hamsini", mwambie ni kweli, na umwache aende kwake. Baadhi yao hurudi.

Mikataba ya ndani iandike kwa shilingi. Tangu mwisho wa Machi 2025 kanuni za fedha za kigeni zinakataza kutangaza na kutoza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, na hiyo ni nchi nzima, Zanzibar imo. Mikataba na mteja aliye nje ni jambo tofauti.

Hatua ya tano: serikali na miradi

Kazi za Serikali ya Mapinduzi hutangazwa kwa mfumo wa ZanAjira, na sharti la kwanza karibu kila tangazo ni "awe Mzanzibari". Kama si Mzanzibari, usipoteze usiku wako hapo. Tazama taasisi za Muungano zenye afisi Zanzibar, kama TRA na TCRA, ambazo nafasi zake hutangazwa na taasisi zenyewe au kupitia Sekretarieti ya Ajira. Kama ni Mzanzibari, kumbuka kwamba asilimia 21 ya nafasi za taasisi hizo zimetengewa Wazanzibari, kwa hiyo una milango yote miwili.

Taasisi za kujua kwa jina ni Mamlaka ya Serikali Mtandao, yaani eGAZ, inayosimamia mifumo ya serikali, na ZICTIA inayosimamia miundombinu ya TEHAMA. Mshahara wa ngazi ya serikali haupandi kwa sababu unajua lugha nne za kuandikia programu. Lakini aliyewahi kufanya kazi na mifumo hii, akajua ZanMalipo, mfumo wa malipo ya serikali, inavyotoa namba ya malipo, ana thamani kwa kampuni zinazoomba zabuni. Wapo wanaokaa serikalini miaka mitatu kwa ajili hiyo tu, na siwalaumu.

Miradi inalipa vizuri zaidi, kwa muda. Mpango wa Jamii ni Afya umewapa wahudumu wa afya wa jamii wa Unguja na Pemba programu ya simu ya kufuatilia mama na watoto. Mwaka 2016 visiwa vilianza kuchorewa ramani kwa droni, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, wakiwemo kazini. Kazi kama hizi hutaka watu wa data, ramani na mafunzo. Swali moja uulize kabla ya kusaini: fedha inaisha lini, na ya nani? Misaada ya Marekani ilipokatwa mwanzoni mwa 2025, watu wengi wa miradi ya afya Afrika Mashariki walijikuta nyumbani kabla ya mwezi kwisha, mikataba yao ya miaka miwili ikiwa bado mipya.

Fumba je?

Mwaka 2022 serikali ilizindua mpango wa Silicon Zanzibar wa kuvutia kampuni za teknolojia, na Fumba ndiyo iliyotajwa kuwa makazi yake. Wasoko, kampuni ya kusambaza bidhaa kwa maduka madogo, ilikuwa ya mbele kabisa. Mwaka 2024 ikaungana na MaxAB ya Misri. Chuo cha IIT Madras nacho kilifungua kampasi Bweleo, jirani na Fumba, mwaka 2023, kinafundisha sayansi ya data na akili mnemba. Mambo haya ni ya kweli na yana faida. Lakini kampuni kusajiliwa kisiwani na kampuni kuajiri kisiwani ni mambo mawili. Nenda kwenye mikutano yao, kula sambusa, jitambulishe, soma matangazo yao ya kazi. Nyumba usikodi kwa ajili yao mpaka una barua ya ajira mkononi.

Hatua ya sita: chagua nyumba kwa intaneti na umeme

Hapa wageni huangushwa na picha. Nyumba ya Jambiani yenye mnazi uani ni nzuri, lakini anayeishi kwa vikao vya mtandaoni mwaka wa kwanza akae mjini au kandokando yake: Mbweni, Kiembesamaki, Mazizini, Chukwani, au Mji Mkongwe wenyewe kama anavumilia ngazi. Kasi ipime saa mbili usiku, wakati mtaa mzima umerudi nyumbani na kila simu imewaka, wala si saa nne asubuhi alipokupeleka dalali. Piga simu ya video ukiwa chumbani utakamofanyia kazi, mlango umefungwa. Muulize jirani, si mwenye nyumba, kampuni gani inakatika mara chache. Kisha lipia mbili zisizotegemeana: moja ya waya kama ipo, nyingine ya simu.

Umeme wa Unguja unapita baharini, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa zamani ulipoharibika, kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Waya wa pili, wa megawati 100, ulikuja 2013, na mambo yamekuwa mengine. Lakini kukatika kwa saa moja au mbili kupo, na umeme kurudi kwa kishindo kupo pia, na hicho ndicho kinachoua chaja. Nunua kidhibiti umeme, betri na inveta ya kutosha laptopu na ruta kwa saa nne. Jenereta waachie wenye friji za samaki. Na Tukuza, yaani LUKU ya huku, nunua ya wiki mbili mbele. Umeme kuisha katikati ya usaili kwa sababu ya elfu tano ni aibu isiyoelezeka kwa Mjerumani.

Wenye nyumba wengi huomba kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Omba mitatu, mweleze kazi yako, mwonyeshe mkataba. Hukubaliwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya saba: makaratasi

Wiki ya kwanza nenda kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wako, au shehia kama inavyoitwa huku. Chukua barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa ulikotoka, kitambulisho cha NIDA na picha. Ingia kwa salamu, kaa, uulize hali za nyumbani, ndipo useme shida. Barua ya sheha itakufungulia kitambulisho cha mkaazi, akaunti ya benki na mambo mengine mengi, na sheha aliyekujua ndiye atakayekutaja siku skuli ya shehia inapotafuta mtu wa kompyuta.

Kampuni iliyosajiliwa BRELA haihesabiki kuwa imesajiliwa Zanzibar. Huku usajili uko BPRA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, leseni ni ya huku, VAT iko ZRA, na kodi ya mapato iko TRA kwa kuwa ni jambo la Muungano. Ndiyo, mamlaka mbili za mapato, na zote zina haki kwako. Mhasibu anayejua pande zote mbili ni fedha iliyotumika vizuri. Afisi za serikali hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu. Ukifika saa nane Ijumaa, umekwenda kutembea tu.

Hatua ya nane: ujulikane

Kazi nzuri za Unguja hazitangazwi sana. Mtu anamuuliza mtu barazani, jina linatajwa, simu inapigwa. Jina lako litatajwa kwa sababu uliwahi kumsaidia mtoto wa fulani kupata cheti chake kwenye mfumo, au ulifundisha darasa la Jumamosi SUZA au Taasisi ya Karume bila kuulizia posho. Chagua jambo moja la kujulikana nalo, "yule wa mifumo ya hoteli" au "yule wa ramani", maana "anayejua kompyuta" kila mtaa unaye. Suti haina kazi. Kuvaa kwa heshima kuna kazi kubwa, na kumwita aliyekuzidi kwa jina tupu, kama mlivyozoea kwenye kampuni changa za Dar, kutakugharimu bila mtu kukwambia.

Kwa anayekwenda Pemba

Pemba hesabu ni kali zaidi. Hoteli ni chache, kwa hiyo mlango wa pili ni mwembamba, na mshahara wa mbali unakuwa karibu kila kitu. Kaa Chake Chake, kwenye afisi, benki na uwanja wa ndege. Wete ni pazuri kuishi lakini pima mtandao mara mbili. Umeme wa Pemba nao unapita baharini kutoka Tanga, tangu 2010. Kwa watu wa data kuna Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri huko Wawi, ambayo tangu 2000 imekuwa ikifanya utafiti na huhitaji watu wa kutunza takwimu, na kuna miradi ya elimu na afya inayozunguka skuli na vituo. Ada ya hoteli za Unguja unaweza kuendelea kuipokea ukiwa Pemba, kwa sharti uwe na kijana mmoja Unguja unayemlipa kwenda kugusa vifaa. Mtafute miongoni mwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, mfundishe masika moja, na mkubaliane mapema nani anajibu simu siku ya Idi.